Kaa Kushoto Kwake

Nyumba za walimu, 9 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila nimevilia damu magotini, kiunoni na begani, na kukaa kitini siku hizi nakaa kwa awamu. Usimwambie Mama.

Sasa vuta kiti nikusimulie. Unakumbuka zile mashua ndogo ambazo shule iliahidiwa na klabu iliyofungwa? Zimefika. Tulijipanga kando ya bwawa, mikono kiunoni, kama watu wanaojua. Kocha alipofunua turubai tukainama kuchungulia. Chini ya kila mashua kuna mabawa mawili, moja katikati na moja nyuma kwenye usukani, yamening'inia kwenye nguzo nyembamba nyeusi. Mashua ikishika mwendo, mabawa yanaisukuma juu mpaka inatoka majini kabisa. Inapaa, dada! Kinachobaki ndani ya maji ni yale mabawa tu. Mbele kuna ufito unaoburuzika juu ya maji, na huo ndio unaoliambia bawa lipande au lishuke.

Kocha alipitisha kidole kwenye ukingo wa bawa moja, akatuonyesha. Ulikuwa mkali. Akasema, "Hiki kitu hakijui rafiki yako ni nani. Ukianguka, angukia mbali nacho." Kisha akatuambia tuvae kofia ngumu, basi, somo likaisha.

Tunaojifunza ni watatu. Mimi, Chaki na Kifaru. Chaki unamjua, mwalimu wa hesabu niliyemleta nyumbani likizo iliyopita, yule aliyeosha vyombo vyote ukamgombeza. Kifaru ni dereva wa shule. Alipanda mara moja, mashua ikakataa hata kufikiria kupaa, akashuka mwenyewe akacheka, akapewa boti ya injini ya kutuokota. Mimi Kocha ananisifu. Anasema mwili mdogo ndio unaotakiwa, na kwamba aliyenipa jina la Kiroboto aliona mbali. Nilimwambia ni dada yangu, na hakuwa ananisifu.

Bado sijapaa. Nimepinduka tu. Kila mara ule mti wa chini wa tanga unanipata ubavu wa kushoto, kama una kisasi na mimi. Na jana nikiwa namimina chai nilimimina pembeni ya kikombe, ikamwagika yote kwenye madaftari ya Chaki. Uchovu, nadhani. Tumecheka mpaka mbavu zikauma.

Simu hapa bado ni saa na tochi tu, mtandao haupandi huu mlima. Nitumie barua kupitia gari la maziwa kama kawaida.

Mdogo wako,
Kiroboto


Dukani, 17 Februari

Kiroboto,

Marahaba. Barua yako nimeisoma huku mashine ya kusaga lenzi ikiunguruma, na bosi akinitazama kwa jicho baya, kwa hiyo nisamehe kama mwandiko unatetemeka.

Kwanza, kuchekelea madaftari ya watoto wa watu yaliyolowa chai si ualimu. Pili, sijamwambia Mama. Nimemwambia unajifunza kuogelea. Uongo mdogo kwa mgonjwa wa presha si uongo.

Sasa jambo moja. Umesema mti unakupiga kushoto. Ni kila mara? Na bega lililovilia damu ni lipi? Na kikombe kilikuwa upande gani? Nijibu bila utani, japo najua kwako ni kazi ngumu. Mimi nakaa siku nzima na watu wanaokuja kununua miwani wakidhani shida yao ni miwani. Masikio yangu yamezoea kusikia kitu fulani.

Salamu kwa Chaki. Mwambie aje tena, ila safari hii akae kama mgeni.

Dada yako


Nyumba za walimu, 2 Machi

Dada,

Shikamoo. NIMEPAA!

Upepo ulikuja wa wastani, nikavuta kamba ya tanga, nikainamisha mashua kuelekea upepo kama Kocha anavyotaka, yaani kinyume na akili yoyote ya mtu mzima. Mara kelele zote zikakatika. Yale makofi ya maji chini ya mashua yakanyamaza. Nikabaki na mlio mmoja tu, mabawa yanavuma chini kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Nikatazama chini nikaona kivuli changu kimeachana na mimi. Nililia, dada. Nililia kama mjinga, kisha nikaanguka.

Chaki naye amepaa siku iliyofuata. Ana roho ngumu yule, usione ule upole. Kuna mbio mwezi wa Mei, klabu tatu zitakuja kwenye bwawa letu. Kocha anasema nikiendelea hivi atanipeleka kwenye kikosi cha wanaosafiri. Hebu fikiria. Mimi, mtoto wa seremala, niliyekuwa nasimamia watoto kuruka kamba. Hakuna kitu nimewahi kukitaka namna hii, na nakuomba usikiharibu kwa maswali.

Lakini kwa kuwa nakujua, nakujibu. Bega ni la kushoto. Kikombe kilikuwa kushoto. Mlango wa stoo nimeugonga kwa bega hilohilo mpaka Kifaru ameupaka chokaa ukingoni, akasema, "Mwalimu, hata kipofu sasa atauona." Darasani watoto wa safu ya dirishani wanalalamika kwamba wakinyoosha mikono siwaoni. Dirisha liko kushoto kwangu. Ni mwanga tu unanipiga. Haya, umeridhika?

Kiroboto


Dukani, 10 Machi

Mdogo wangu,

Sijaridhika. Nimekosa hata hamu ya kula.

Hongera ya kupaa. Natamani ningekuwepo. Sasa fanya hivi, leo hii, kabla hujaingia majini. Tafuta msumari ukutani. Simama mbele yake. Funika jicho la kulia kwa kiganja, na la kushoto litazame msumari bila kuhama. Nyoosha mkono wa kushoto pembeni kabisa, chezesha vidole, kisha uulete mbele polepole. Mtu mwenye macho mazima anaona vidole mkono ukiwa bado usawa wa bega. Niandikie vyako vilitokea wapi. Usiibe. Ukihamisha jicho unajiibia mwenyewe.

Unamkumbuka Baba alivyoanza? Wewe ulikuwa mdogo. Alianza kukosa misumari aliyoiweka mwenyewe. Tukamtania. Kisha akawa anamkanyaga paka. Tukamtania. Siku fundi mwenzake alipokatwa mkono kwenye msumeno kwa sababu Baba hakumwona amesimama pembeni, hakuna aliyetania tena. Presha ya macho haiumi. Inakula pembeni kwanza, kidogo kidogo, na mwenyewe hana habari. Na inafuata damu. Kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa kama mtu atawahi.

Nijibu haraka.

Dada


Nyumba za walimu, 19 Machi

Dada,

Vilitokea karibu na pua.

Nimerudia mara nyingi. Nimebadilisha ukuta. Nimebadilisha msumari, kana kwamba kosa ni la msumari. La kulia liko sawa. La kushoto limebaki kama tundu la ufunguo.

Unajua kinachonitisha? Hakuna giza. Ningeona giza ningejua zamani. Pale ambapo hapana kitu, akili inajaza chochote kilichopo jirani. Ukutani nilikuwa naona ukuta. Nikiwa bwawani lazima nilikuwa naona maji.

Sasa nisikilize vizuri. Nitakwenda hospitali. Naapa nitakwenda, lakini baada ya mbio. Kocha akijua leo, kesho nimekaa benchi na maisha yamekwisha. Miezi miwili haitaniua. Chombo nimekizoea, naenda nacho kwa masikio na ngozi. Nageuza kichwa zaidi kuliko wengine, basi.

Niapie kwamba hutamwambia mtu yeyote habari ya jicho langu. Si Kocha, si Mama, si Chaki, si Kifaru. Niapie kwa kaburi la Baba. Usiponiapia, sitakuandikia tena, na unajua nilivyo na kichwa kigumu.

K.


Dukani, 26 Machi

Kiroboto,

Umenishika pabaya na unajua.

Nimeapa. Kwa kaburi la Baba, sitamwambia mtu habari ya jicho lako mpaka mbio ziishe. Nimeapa shingo upande, na mbio zikiisha nitakuja kukukokota hospitali kwa sikio. Bosi wangu amenipa chupa ya matone, anasema yatashusha presha wakati unasubiri. Nimeituma pamoja na barua hii. Tia kila siku. Usijifanye umesahau.

Dada


Dukani, 26 Machi

Mpendwa Chaki,

Hujambo mdogo wangu? Usishtuke kupata barua yangu. Mama anakusalimu sana, bado anazungumzia vile vyombo.

Nina ombi, na naomba libaki kati yetu sisi wawili. Mdogo wangu yule unamjua, akipenda kitu anakipenda kwa pupa. Nasikia mbio zinakuja na moyo wangu hautulii. Nakuomba, mkiwa majini, kaa kushoto kwake. Karibu naye, upande wa kushoto, daima. Usiniulize kwa nini, maana nimefungwa mdomo. Chukua tu kwamba ni wasiwasi wa dada mkubwa. Mtu akija kutoka upande huo wewe utamwona, utampigia kelele.

Najua naomba kikubwa, na wewe pia unashindana. Lakini hapo mlipo sina mtu mwingine.

Ni mimi,
Dada yake Kiroboto


Nyumba za walimu, 8 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako imenifurahisha kuliko unavyodhani. Mimi nimezaliwa peke yangu kati ya wavulana. Kaka zangu watatu hawajawahi kuniomba kitu isipokuwa niwafulie. Leo nimeombwa jambo la maana na mtu ninayeweza kumwita dada. Nimekubali, na sitauliza.

Nimeshaanza. Nakaa kushoto kwake, kiasi kwamba nikinyoosha fimbo ya darasani ningemgusa. Kila tukigeuza naita, "Nipo!" ili ajue. Mwanzoni alicheka. Upande ule tanga lake linanikatia upepo, kwa hiyo siku nyingi namaliza nyuma yake, na Kocha ananiuliza kama nimelala. Si kitu. Mimi sikuja kutafuta kikosi. Nilikuja kwa sababu Kiroboto aliniambia, "Chaki, maisha yako yote ni ubao na vumbi, njoo upae." Na nimepaa, dada. Nikirudi darasani baada ya hapo, hata kuzidisha kunapendeza.

Nimegundua anachoogopa, nadhani. Ule mti wa tanga umempiga sana upande huo, amekuwa na woga. Mtu asiyeogopa kitu akianza kuogopa huona aibu kusema. Ndiyo maana ukafungwa mdomo, sivyo? Usinijibu. Siri yake naitunza.

Usiwe na wasiwasi. Niko hapo.

Mdogo wako mpya,
Chaki


Nyumba za walimu, 27 Aprili

Dada,

Shikamoo. Matone natia, usianze.

Mwendo wangu umepanda sana. Kocha ameshasema mbele ya wote kwamba mimi ndiye tumaini lake. Lakini Chaki ananimaliza. Sijui amepatwa na nini. Tukiwa majini amening'ang'ania upande wa kushoto, haondoki. Kiroboto ni mimi, lakini kupe ni yeye. Bwawa lote lile, upepo wa bure kila mahali, yeye yuko ubavuni kwangu kama tumefungwa kamba. Na anapiga kelele, "Nipo! Nipo!"

Dada, wewe nakuambia ukweli. Ile sauti inatoka mahali ambapo mimi naona maji matupu. Hakuna mashua, hakuna mtu, maji tu yanang'aa, na sauti ya Chaki inatoka ndani yake. Nywele zinanisimama. Juzi niliruka hadi nikaachia kamba, nikapinduka, bawa likapita karibu na uso wangu.

Umemwambia? Nijibu ndiyo au hapana. Kwa sababu kama hajui, basi anafanya kusudi anipoteze akili anipite. Sikupenda kumfikiria hivyo. Lakini watu wawili wakitaka nafasi moja, urafiki unakaa pembeni.

Kiroboto


Dukani, 4 Mei

Kiroboto,

Sijamwambia habari ya jicho lako. Niliapa, na kiapo nimekishika.

Chaki hana ubaya na wewe. Mvumilie. Na hizo fikra za kwamba anakuibia nafasi zitoe kichwani, hazikupendezi.

Bado hujachelewa kumwambia Kocha. Nakusihi kwa mara ya mwisho, kisha nanyamaza.

Dada


Nyumba za walimu, 15 Mei

Dada,

Shikamoo. Nakuandikia kwa haraka, gari la maziwa liko getini na mwenye gari ananipigia honi.

Tumekosana kidogo na Kiroboto. Alinisema mbele ya Kifaru na Kocha kwamba namvuruga kwa makelele, na kwamba nikiita tena "Nipo" atamwomba Kocha anitoe kwenye mbio. Aliyasema kwa hasira mpaka akatoka machozi. Ilinichoma, sikufichi. Nilitaka kumwambia, mimi nimetumwa na dada yako. Nikakumbuka nimekuahidi, nikameza.

Kwa hiyo kelele nimeacha. Lakini mahali pangu sijaacha. Siku ya mbio nitakaa kushoto kwake kimya kimya, karibu zaidi ili mtu asipate kupita kati yetu. Boya la kwanza tunalizunguka kwa kukata kushoto, na hapo ndipo pana msongamano wa mashua, kwa hiyo hapo hasa sitamwacha. Tumefanya mazoezi hivyo wiki nzima, na nadhani hata hajajua kwamba nipo. Anatazama mbele tu kama nimekuwa hewa.

Mbio ni tarehe kumi na tisa. Tuombee upepo, ila usiwe mwingi. Wanasema utakuwa mwingi.

Chaki


Dukani, 18 Mei, jioni

Chaki, Chaki mdogo wangu,

Barua yako imefika sasa hivi. Toka hapo. Popote ulipo ukisoma haya, toka upande wake wa kushoto na usirudi.

Hajakupuuza. Hakuoni. Jicho lake la kushoto limekufa pembeni, anaona maji pale ulipo. Niliapa nisiseme, nikajifanya mjanja, nikakutuma wewe ukakae palepale asipopaona. Nilidhani utakuwa jicho lake. Nilikuwa nawaza wengine watakaomjia kutoka kushoto. Wewe sikukuwaza. Maadamu ulikuwa unaita alikusikia, na hata kuita kwenyewe kumekwisha.

Kwenye boya usiingie kati yake na boya. Akikata kushoto atakata juu yako. Nimepiga simu ya ofisi ya shule, inaita tu, wamefunga kwa ajili ya wageni wa mbio. Nakimbilia kituo cha maziwa nione kama gari bado lipo.

Dada


Nyumba za walimu, 25 Mei

Dada,

Chaki amefariki.

Sijui niandike vipi. Tulimzika juzi kwao. Nilikuwa nyuma kabisa ya watu, nilishindwa kusogea.

Upepo ulikuwa mkali. Tulianza vizuri, nilikuwa wa kwanza, dada, wa kwanza kabisa, mabawa yanavuma mpaka mashua inatetemeka. Nilifika kwenye boya la kwanza, nikageuza kichwa kama ninavyofanya siku zote, nikaona maji matupu. Nikakata kushoto. Nilisikia kishindo kama tumegonga gogo. Nilirushwa mbele. Nilipoibuka nikamwona Chaki majini, amekaa wima kama mtu aliye kwenye beseni, ananitazama, na maji yanayomzunguka yanabadilika rangi. Bawa langu lilimpita pajani. Kifaru alimvuta kwenye boti, akamfunga mguu kwa shati lake. Hawakufika hata barabarani.

Waamuzi waliniuliza. Nikasema alichomoka nyuma yangu ghafla, akaingia kati yangu na boya akiwa amechelewa, bila kuita. Kuhusu kuita sikudanganya. Wakaandika kwamba kosa ni lake. Kocha naye akasema siku hizi Chaki alikuwa na tabia ya kunibana. Habari ya jicho hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuisema. Kikosi kinasafiri mwezi ujao na jina langu bado limo. Usinihukumu. Kama nikisema sasa, Chaki atarudi? Shika kiapo chako, dada. Nakuomba ukishike kidogo tu.

Mama yake aliniuliza mwanawe alikuwa anafanya nini pale. Nalala kando ya ukuta, upande wa pili ni chumba chake, na nawaza hilohilo. Bwawa zima lile. Alikuwa anatafuta nini ubavuni kwangu?

Na jambo jingine. Kifaru anasema kwenye boti alikuwa anazungumza, sauti ndogo, lakini akili zake timamu. Alisema, "Mwambieni dada sikutoka mahali pangu." Akarudia tena. Kifaru akamuuliza dada yupi, akafumba macho. Chaki hana dada. Ana kaka watatu. Wanasema alikuwa anaweweseka, na mama yake amelia kwa hilo kuliko yote, kwamba mwanawe amekufa akimwita mtu asiyekuwepo.

Wewe unawajua watu. Alimaanisha nini?

K.


Dukani, 30 Mei

Mdogo wangu,

Hakuwa anaweweseka. Dada aliyemtaja ni mimi.

Mimi ndiye niliyemweka kushoto kwako. Nilimwandikia siku ileile niliyokuapia, tena kwa kalamu ileile. Nilimwomba akae hapo daima na nikamkataza kuuliza. Hakuwa anakuonea wivu. Hakutaka nafasi yako. Alikubali kubaki nyuma kwa ajili yako, na ulipomkataza kuita alinyamaza, akakaa. Jioni ya kuamkia mbio nilimwandikia atoke. Gari la maziwa lilikuwa limeondoka, na basi la mwisho pia. Barua hiyo iko nyumbani mezani, na Mama ananiuliza kila asubuhi kwa nini siitupi.

Kiapo nimekishika mpaka mbio zikaisha, kama nilivyosema. Zimekwisha. Sasa hakinifungi, na kingenifunga ningekivunja. Yule binti amezikwa na kosa lisilo lake. Mama yake anadhani alikufa akimwita mtu ambaye hayupo. Mimi nipo, na lazima anione kwa macho yake.

Kesho napanda basi la kwanza. Nitapita kwanza kwao Chaki, nitapiga magoti mbele ya mama yake, nitamwambia yote, langu na lako. Atakachonifanyia nimekubali. Kisha nitapanda huo mlima kwenu. Barua hii inakuja na gari la maziwa leo, kwa hiyo una muda wa kwenda kwa Kocha na kwa waamuzi ukaseme mwenyewe kabla sijafika. Nakuomba nikukute umeshasema. Sikuombi kwa kaburi la mtu safari hii.

Nakupenda na nimekukasirikia, na mwenyewe nimejikasirikia zaidi. Kutoka hapo tutakwenda hospitali pamoja. Hilo jicho moja lililobaki nitalipigania.

Ukisikia hodi usiogope. Nitasimama upande wa kulia wa mlango, ili unione.

Dada yako